Kata ngapi kwa siku? Tunapima maji ya kunywa kwa mtungi (na tafadhali usinipasulie mtungi)

Haya, hamjambo hamjambo! Karibuni tena uani kwangu, hapa Tanga, joto la Februari, saa nne asubuhi na kanga imeshanigandia mgongoni. Leo najibu swali ninaloulizwa kila nikiuza mtungi: "Dada, sasa nikishaununua, ninywe maji kiasi gani kwa siku?" Maana mtu akibeba mtungi wa lita 20 anautazama kama deni, anadhani lazima aumalize yeye.

Tuanze. Huu mnaouona umetoka Usambara. Akina mama wa Kishambaa ndio wafinyanzi, mimi kazi yangu kuuza tu, hata kikombe siwezi kufinyanga. Ukiwa mpya uloweke siku nzima, mwaga, loweka tena, mwaga. Sugua kwa makumbi ya nazi. Sabuni hapana, udongo unainywa, halafu na wewe utainywa wiki nzima. Hiyo imepita.

Chemsha maji. Kuchemsha mnajua. Yakishatokota sawasawa, mapovu makubwa, hesabu dakika 1, zima jiko. Mlioko juu sana, mita 2000 kwenda mbele, hesabuni dakika 3, kwa sababu huko maji yanatokota kabla hayajapata moto wa kutosha.

Sasa hapa simameni. Mpwa wangu, sogeza simu, wanione mikono. MAJI YA MOTO HAYAINGII MTUNGINI. Yasikie tena: ya moto hayaingii. Hata ya uvuguvugu, hayaingii. Mtungi wangu wa kwanza niliupasua hivyo. Nilikuwa na haraka ya kwenda harusini, nikasema aah, yameshapoa haya, nikamimina. Ndani ukapata moto, nje bado baridi, udongo ukataka kutanuka upande mmoja. Nikasikia "ta!", kitu kidogo tu, kama mtu amevunja kijiti. Nikaendelea kumimina! Kufumba na kufumbua, lita 20 zote ziko chini ya kochi. Kigae kimoja ninacho mpaka leo, nimeotesha mrehani.

Kwa hiyo chemsha usiku, funika, lala. Asubuhi usiguse kifuniko, kifuniko hupoa mapema kikakudanganya. Weka kiganja ubavuni mwa sufuria, chini kabisa. Ukihisi joto lolote, ondoka, kafagie uwanja, urudi baadaye. Haya yangu ya jana usiku... nimegusa... baridi. Namimina. Taratibu, pembeni mwa mdomo wa mtungi. Funika. Safi.

Lile sufuria jingine pale jikoni linatokota kwa ajili ya kesho, msilijali.

Hatua inayofuata ndiyo niliyowaitia: kata. Kata yangu hii ya kifuu cha nazi, mpini wa mpera, nimeifuta mpaka inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Inabeba kiasi gani? Usikisie. Chukua chupa tupu ya maji ya dukani, ya lita 1.5, na rambo? Siyo rambo! Ulimi huu. Faneli, ile ya kumiminia mafuta ya taa, lakini iwe mpya, isiwe imewahi kuona mafuta. Chota kata, mimina. Moja. Mbili. Ta... nimemwaga. Mmeona? Hiyo hatuihesabu, na wewe usijidanganye, anza upya. Mpwa wangu, usicheke, simu inatikisika.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Imejaa mpaka shingoni. Kata tano, lita moja na nusu, maana yake kata yangu ni mililita 300. Yako inaweza kuwa 250, inaweza kuwa 400, nazi hazizaliwi sawa. Pima yako, andika namba kwa mkaa ukutani juu ya mtungi.

Na vikombe vya ndani ya nyumba je? Nimevipanga hapa. Hii glasi ya wageni, yenye maua, nimeipima, mililita 180. Hiki kikombe cha bati cha marehemu baba kinabeba nusu lita nzima. Sasa mtu anakwambia kunywa glasi nane kwa siku. Nane za maua ni lita moja na nusu kasoro kidogo. Nane za baba ni lita 4! Huyo aliyekwambia alikuwa ameshika ipi?

Hiyo nane yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anatosheka na kama lita 2.5 kwa siku. Sentensi iliyofuata palepale ikasema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Watu wakaishika ya kwanza, ya pili wakaiacha mezani. Mwaka 2002 bingwa mmoja wa figo, Heinz Valtin, alikaa akachambua maandiko yote ya kitaalamu aliyoweza kuyapata kutafuta ushahidi wa hizo nane kwa mtu mzima mwenye afya. Hakuupata.

Basi vipimo vinavyotumika vinasemaje? Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilitaja lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume. Wamarekani wako juu zaidi: 2.7 mwanamke, 3.7 mwanamume. Na hapo ni maji YOTE, ya kikombe na ya sahani, chai na supu ndani yake. Chakula peke yake huleta kama sehemu moja ya tano. Wali umepikwa kwa maji, ugali vivyo hivyo, mchuzi, chungwa, tikiti ndio usiseme, zaidi ya tisini kwa mia ni maji.

Nikiondoa chakula, mimi mwanamke nabaki na lita 1.6 mpaka 2.2 za kunywa. Gawanya kwa kata yangu: kata tano na kidogo mpaka saba na kidogo. Mwanamume, kata saba mpaka kumi hivi. Mjamzito aongeze kata moja, anayenyonyesha aongeze mbili na kidogo. Hayo ndiyo mahesabu yote, na sikuhitaji programu ya simu ya kunipigia kengele kila saa.

Ila vipimo vya Ulaya vimewekwa kwa hali ya hewa ya wastani na mtu asiyefanya kazi ya suluba. Mpagazi wa gunia hapa barabara kumi na mbili na karani aliyekaa chini ya feni hawana kiasi kimoja. Wahenga walishalimaliza: maji ya kifuu bahari ya chungu. Chungu yule mdudu, jamani, siyo chungu ninachouza. Ingawa navyo ninavyo, vya pilau, njooni.

Ngoja ngoja. Mpwa wangu, shusha simu, onyesha hapo chini. Mnaona mchanga umelowa? Nimeshapata moyo kwenda mbio, nilidhani umepasuka. Nimepapasa... hapana, ni jasho. Hili nalo wateja wananirudishia mtungi, "dada umeniuzia unaovuja". Hauvuji! Udongo una vitundu vidogo mno, maji yanapenya mpaka nje, yanakauka kwa hewa, na yakikauka yanaondoka na joto. Ndiyo friji yake. Ukitaka kujua ufa, ufa hutoa mstari mmoja wa maji, jasho hulowesha mtungi mzima.

Na ngozi yako inafanya kazi ileile. Unapoteza maji ili upoe. Huku pwani hewa imeshiba unyevu, jasho halikauki upesi, linatiririka tu na joto linabaki. Ndiyo maana siku kama ya leo naongeza kata mbili bila kuulizana na mtu. Siku ya mvua wala sizikumbuki.

Aa, bibi huyo anapita. Shikamoo bibi!

"Marahaba. Mnafanya nini tena na simu?"

Tunapima maji, bibi. Leo umekunywa maji mara ngapi?

"Maji ya nini? Nimekunywa chai. Kiu sina."

Mmesikia? Kwanza, chai yake inahesabiwa. Wanaosema chai na kahawa hazihesabiki kwa sababu zinakupeleka msalani, hawajapima. Kwa kiasi cha kawaida maji yanayobaki mwilini ni mengi kuliko yanayotoka. Sukari ndiyo ya kuizungumza, lakini bibi haambiwi habari ya sukari mbele ya watu. Pili, hilo la "kiu sina". Kijana mwenye afya kiu yake humtosha, ubongo unapima ukolezi wa damu na kumwambia mapema. Umri ukienda, kengele hiyo inafifia. Mzee anaweza kukauka na bado akasema hana kiu. Kwa hiyo usimngoje aombe. Bibi, pokea kata hii. Kidogo kidogo. Haya, ahsante.

Nimesema kidogo kidogo, na hili nalirudia kwa sababu nililiharibu mwenyewe. Kuna mwaka nilijipa adhabu ya lita 4 kwa siku, ngozi ing'ae. Siku ya safari ya Dar nikaona nizitangulize, nikanywa kata saba kabla ya kupanda basi. Lita mbili na ushee, kwa saa moja! Hatujafika mbali nikamwendea konda, kaka naomba tuchimbe dawa. Akasimamisha. Hatujakaa vizuri, kaka samahani, tena. Mara ya tatu basi zima lilinijua kwa jina.

Mimi niliambulia aibu tu. Figo zako zina kasi yake, lita moja kwa saa au pungufu. Ukizipita sana, chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinauma, kichefuchefu, na ikizidi mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, anaweza kufa. Kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 mwishoni, na 13 katika kila 100 chumvi yao ilikuwa imeshuka mno. Kilichowatambulisha zaidi: walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Kwa hiyo bodaboda, mvuvi, mkulima, kunywa kwa awamu na ule chakula chenye chumvi yake. Usimimine. Mtungi haumiminiwi moto, na wewe humiminiwi mafuriko.

Utajuaje umepatia? Nenda msalani, tazama mkojo. Naam, nimesema, watu wazima tupo. Rangi ya nyasi kavu, umepatia. Ukiwa kama chai ya rangi, rudi mtungini. Ukiwa mweupe kutwa nzima kama maji ya bomba, punguza, unawapa figo kibarua cha bure. Mkojo wa alfajiri usiuhesabu, umelala humo usiku kucha. Na kama unakunywa vidonge vya vitamini B, utakuwa wa manjano ya kung'aa; dawa ya kifua kikuu, ile rifampisini, huugeuza wa machungwa kabisa. Usishtuke, ni dawa. Lakini umekunywa vizuri na bado ni chai ya rangi? Hapo siyo kazi ya mtungi, nenda hospitali.

Ramadhani gawa kiasi hichohicho kati ya futari na daku. Usingoje muadhini wa alfajiri yuko karibu kukohoa ndiyo uvamie kata.

Wasiohusika na hesabu yangu: mtoto chini ya miezi 6, huyo ni maziwa ya mama tu, hata tone la maji asipewe. Mgonjwa wa figo au wa moyo aliyepangiwa kiasi na daktari, kiasi chake ni hichohicho, hata joto likizidi. Na mwenye kuhara hatoshwi na maji matupu. Tumia ile dawa ya pakiti ya kuongeza maji mwilini. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, siyo vya mlima.

Mwisho, usafi. Kata usiiache ikiogelea, itundike. Mkono usiingie mtungini, hata wa mtoto, hata wa mume. Kila wiki mwaga, sugua, anika jua moja.

Mitungi ninayo ya lita 10 na ya 20, mikoani naifunga kwa majani makavu ya mgomba na magunia, ikifika na ufa nipigie picha kabla hujaitia maji. Kata natoa bure kwa mtungi mkubwa, wala usichague kubwa kuliko, kubwa inakuchosha mkono tu, mimi napenda hizi za kati, zinakaa vizuri midomo...

We! We mpwa wangu! Hilo sufuria unalipeleka wapi? Weka chini! Simu nani ameshika? Weka chini kwanza, mvuke huo huuoni?