Akisema "Ba-ba-ba", Mjibu

(Mhadhara kwa wazazi na walezi, Moshi)

Shikamooni wazee, wengine, habari za mchana. Mama mwenye mtoto anayelia huko nyuma, usitoke naye. Kaa. Huyo ndiye mgeni rasmi wa leo, mimi ni msemaji wake tu.

Mlionisikia mwaka jana mnivumilie, wimbo ni uleule. Bado nakutana na akina mama wametoka kliniki, kadi imejazwa vizuri, uzito mzuri, chanjo zote kapata. Nikiuliza, "Leo mmeongea nini na mtoto?" wananicheka. "Mwalimu, ana miezi minne, niongee naye nini?"

Yaani mnadhani anasubiri aote meno ndipo aanze kusikiliza! Sauti ya mama anaisikia tangu tumboni. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa vichanga ambao hawajafikisha hata siku tatu chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Kichanga akinyonya kwa mwendo huu anasikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa mwendo ule anasikia ya mwanamke mwingine. Wakabadili mwendo wa kunyonya ili wamsikie mama. Siku tatu, jamani.

Sasa niwapeleke Kiboriloni, sokoni, kwenye mitumba. Nilimkuta dada mmoja anauza masweta, na mtoto wake wa miezi minane hivi kakaa katikati ya lundo kama bidhaa. Mtoto akasema, "Ba-ba-ba." Mama bila kuinua kichwa: "Ehee! Hili la baba?" Kimya. Mtoto anamtazama mdomo. Kisha, "Ba!" Mama: "Elfu mbili? Aa wapi, bwana, hiyo hasara!" Mtoto akacheka mwili mzima. Wakaendelea hivyo, huyu akisema yule ananyamaza, yule akisema huyu anangoja. Nikasimama hapo mpaka nikaulizwa kama nanunua au nashangaa. Nikanunua sweta ambalo sikulihitaji.

Yule dada hajasomea malezi popote. Lakini alichofanya ndicho chenyewe: alimpa mtoto zamu, akaipokea zamu yake kana kwamba ni neno kamili.

Najua kuna baba hapa anasema moyoni, "Wangu namwekea katuni za Kiingereza, ataanza shule anaongea." Baba, hilo lilishapimwa. Kule Seattle, Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa miezi tisa waliozoea Kiingereza. Kundi moja likacheza na kusomewa vitabu na Wachina, vipindi 12. Kundi lingine likawaona na kuwasikia Wachina haohao kwenye televisheni. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Waliokaa na mtu walizitambua sauti za Kichina. Wa televisheni wakawa sawa na ambao hawajawahi kuisikia lugha hiyo. Tena Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba skrini haipendekezwi kwa mtoto wa chini ya mwaka. Simu hainyamazi kumngoja mtoto, wala haijui kama kageuka.

Na hayo yana wakati wake. Werker na Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto wa Kiingereza wa miezi sita hadi minane anatofautisha sauti za Kihindi ambazo mama yake hazisikii. Akikaribia mwaka, uwezo huo umefifia sana, sikio limeshachagua la nyumbani. Ndiyo maana mzungu mzima anatokwa jasho kwa "ng'ombe". Msicheke, wengi humu tunasema "zahabu".

Na Kichaga je, hakitamchanganya mtoto? Kila mara naulizwa. Bibi aongee Kichaga chake, wewe Kiswahili chako. Mtoto akichanganya maneno mawili matatu hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho. Tuendelee, naona mshereheshaji ananionyesha saa.

Nilitaka kusema juu ya dada wa kazi, maana ndiye anayeshinda na mtoto na ndiye tunayemwambia asipige kelele. Muda hautoshi. Ila hili la masikio siliachi: mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa, au aliyekaribia mwaka bila hata hiyo "ba-ba", msiniambie "hata baba yake alichelewa". Mpelekeni akapimwe masikio, hospitali ya KCMC si hapo tu?

Mama wa huko nyuma, naona kanyamaza. Mlete hapa mbele tusalimiane.