Kwenda ufukwe wa mjini Naxos: anzia kwenye upepo na meli

Haya wadau, swali ni lilelile, linatoka Dar, linatoka Mombasa, linatoka kwa ndugu zetu walioko Ujerumani na Uholanzi: nataka kisiwa cha Ugiriki, sina gari, nina watoto, niende wapi? Jibu langu ni Naxos, na ndani ya Naxos ni ufukwe wa mjini unaoitwa Agios Georgios. Santorini ni ya picha. Ukiwa na siku tano na watoto wawili, picha haiogeleki.

Kwanza jina, maana utalikuta limeandikwa namna nne tofauti: Agios Georgios, Aghios Georgios, Ai Giorgis, Saint George. Ni pale pale. Kigiriki kinatamkwa karibu na "Ayos Yoryos". Mji wenyewe unaitwa Chora, na hiyo "ch" ni "kh" ya kheri, siyo ya chai. Sisi Waswahili tuna bahati hapa: th ya thelathini, dh ya dhahabu, gh ya ghali, zote Mgiriki anazo. Sema bila woga, utaeleweka.

Sasa kwa nini ufukwe wa mjini. Ukishuka melini kwenye gati la Chora, unatembea kuelekea kusini kama dakika kumi hadi kumi na tano, unafika kwenye mchanga. Hakuna teksi, hakuna kukodi pikipiki ya magurudumu manne. Maji ni ya kina kifupi sana, mtu mzima anatembea mita nyingi yakiwa bado kiunoni, na chini ni mchanga laini. Ufukwe unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama mbele yako. Upande wa kaskazini, karibu na mji, mchanga ni mwembamba na mikahawa imesogea karibu na maji. Ukiendelea kusini unapanuka na watu wanapungua.

Mtu wa Paje au Jambiani atashangaa jambo moja: maji hayapwi. Bahari ya Mediterania ina kupwa na kujaa kwa kiasi cha sentimita tu, kwa hiyo hakuna bamvua, hakuna kuuliza maji yatajaa saa ngapi. Yalipo saa mbili asubuhi ndipo yalipo jioni. Kinachoamua siku yako huku ni upepo, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu hawakuupanga.

Upepo huo unaitwa meltemi. Unavuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, na anga huwa jeupe bila wingu, kwa hiyo ukichungulia dirishani hujui kitu. Kwa wanaopenda kujua chanzo: wakati wa kiangazi mgandamizo mdogo wa hewa hutanda kutoka Bara Hindi hadi Uturuki, na mgandamizo mkubwa hukaa juu ya nchi za Balkani. Hewa inateremka kati ya hivyo viwili kupitia bahari ya Aegean. Mgandamizo mdogo huohuo wa Asia ndio unaovuta kusi huko kwetu. Kwa hiyo kusi ikishika Unguja mwezi wa saba, meltemi nayo imeshika Naxos. Ni jamaa wa ukoo mmoja.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Asubuhi mara nyingi pametulia, upepo unapanda kuanzia kama saa nne au saa tano, kilele ni alasiri, na jioni unalegea, ingawa kuna vipindi unavuma siku kadhaa mfululizo bila kupumzika. Kwa hiyo kuogelea na watoto ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tano asubuhi, kisha chakula na usingizi, kisha kurudi jua likipungua ukali. Mji unakinga kidogo upande wa kaskazini wa ufukwe. Ukienda kusini upepo unazidi, na ndiyo maana wale wa mbao zenye tanga wamejaa huko. Ukiona matanga mengi, usikae hapo na mtoto wa miaka mitatu, mchanga utampiga usoni.

Na jambo moja ninalosisitiza: usimwachie mtoto boya la kujaza upepo, yale ya bata na flamingo. Maji ni mafupi, kweli, lakini upepo unalisukuma boya kuelekea kusini na nje kwa kasi kuliko unavyoogelea. Hatari ya ufukwe huu haitoki kwenye kina, inatoka kwenye plastiki nyepesi. Mwavuli wa bei rahisi wa dukani nao ni vilevile. Usipochimbiwa vizuri na kuelemewa na mfuko wa mchanga, unaruka na kumjeruhi jirani.

Mwezi gani? Mei maji yapo nyuzi 18 au 19, na kwa mtu aliyezoea bahari ya Tanga hayo ni maji ya kunawia uso tu. Juni mwishoni yanafika 22 au 23. Agosti ni 24 hadi 25, ndiyo joto kamili, lakini ndipo meltemi inapochachamaa, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Wagiriki, meli zinajaa na vyumba vinapanda bei. Mimi kura yangu ni Septemba, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu: maji bado yana joto la kiangazi, upepo umepungua, watoto wa Ulaya wamerudi shule. Mwisho wa Oktoba usiende kwa ajili ya bahari, mikahawa mingi inafunga na ratiba za meli na basi zinapunguzwa.

Saa hazitakuchanganya: kiangazi Ugiriki iko saa sawasawa na Afrika Mashariki. Tiketi ikisema 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, ya huku na ya Dar.

Tuje kwenye viza, kwa ufupi. Mwenye kibali cha kuishi nchi ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haombi viza, anabeba pasi na kadi yake. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza anaomba, kibali cha Uingereza hakimsaidii, na hili linawakamata watu wengi uwanja wa ndege. Unaomba kwa Ugiriki kama ndiko utakakokaa siku nyingi, hata kama ndege inapitia Amsterdam. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15 kabla. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo hesabu foleni, na hesabu foleni hiyo pale unapoingilia, siyo Athens kama umeingilia kwingine.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens hadi bandari ya Piraeus, metro ya mstari namba 3 inakwenda moja kwa moja, kama saa nzima. Basi X96 linakwenda pia, mchana na usiku, na foleni za barabarani huliongezea muda. Tiketi ya metro ya uwanja wa ndege ni ya peke yake, euro 9. Ile ya kawaida ya mjini haifai, na wakaguzi hawana huruma. Kati ya ndege kutua na meli kuondoka, weka saa nne kwa uchache. Kama ndege inatua alasiri, lala Piraeus, panda meli ya asubuhi.

Meli ziko aina mbili. Kubwa ya kawaida inachukua kama saa tano hadi tano na nusu. Boti ya kasi inachukua kama tatu na nusu hadi nne na nauli yake ni kubwa zaidi. Watu wanakimbilia boti ya kasi, mimi siwashauri. Kwenye bahari ya meltemi inarushwarushwa, hakuna pa kutoka nje kupunga hewa, na upepo ukiongezeka ndiyo inayozuiwa kwanza. Meli kubwa nazo huzuiwa upepo ukifika nguvu ya 8 kwenye kipimo cha Beaufort, lakini inachukua zaidi kufika huko. Kuna na ndege ndogo za mapangaboi kutoka Athens, maana barabara ya kurukia ya Naxos ni ya mita 900 tu. Viti vichache, vinaisha mapema.

Kupanda meli kuna utaratibu wake. Tiketi iko kwenye simu, jina liwe kama lilivyo kwenye pasi. Piraeus ina malango yenye namba kuanzia E1, na meli za kundi la visiwa vya Cyclades, ambamo Naxos imo, mara nyingi ziko E6 au E7, lakini soma ujumbe wa siku hiyo maana hubadilika. Unaingilia mlango wa nyuma, ule wa magari. Pale ndani kuna rafu zenye majina ya visiwa: sanduku lako liweke kwenye rafu iliyoandikwa Naxos, siyo Paros wala Santorini. Pasi, dawa na pesa usiziache huko, chukua juu. Tiketi ya bei ya chini haina kiti maalumu. Ukiongeza euro chache unapata kiti chenye namba, na kwa safari ya watoto hizo si pesa za kubania.

Meli husimama Paros kwanza, kisha kama dakika 45 baadaye ni Naxos. Makosa ni mawili: kushuka Paros kwa haraka, au kusubiri meli ifunge gati Naxos ndipo uanze kushuka ngazi. Meli inakaa dakika chache tu, kisha inaondoka na wewe kuelekea Santorini. Ukisikia Naxos ikitangazwa, teremka, shika sanduku, simama nyuma ya mlango. Ukishatoka, kushoto kwako utaona lango kubwa la marumaru limesimama peke yake kwenye kisiwa kidogo: Portara, mabaki ya hekalu la Apollo lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika. Nenda jioni kulitazama, ni bure.

Chumba, tafuta mtaa wa Agios Georgios wenyewe, ni tambarare. Wenye vyumba wengi huja gatini kukupokea ukiwaandikia saa ya meli. Usidanganywe na "mandhari ya bahari" ndani ya Kastro, mji wa kale wa juu. Sanduku la magurudumu na gari la mtoto kwenye zile ngazi za mawe ni adhabu. Na weka pembeni kodi ya usiku, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipia mtandaoni. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni kwa chumba kwa usiku: euro 2 kwa hoteli ya nyota moja au mbili, 5 kwa nyota tatu, 10 kwa nne, 15 kwa tano, nyumba za kupangishwa kwa muda mfupi kwa kawaida ni 8. Usiku sita kwenye nyota nne ni euro 60 unazodaiwa mapokezi.

Ufukweni penyewe, mchanga ni wa umma kisheria. Hakuna anayeweza kukutoza kwa kufika majini. Sheria ya 2024, iliyokuja baada ya wananchi wa Paros na visiwa vingine kuandamana na taulo zao mwaka 2023, inataka angalau nusu ya eneo linalokodishwa liachwe bila vitanda, na mita nne kutoka ukingo wa maji ziwe wazi. Kwa hiyo tandika kanga yako sehemu isiyo na vitanda ukae kwa raha. Ukitaka kitanda, uliza kabla ya kukaa: bei ni ya seti, yaani vitanda viwili na mwavuli? Mstari wa mbele ni bei gani na wa nyuma ni gani? Kuna kiwango cha lazima cha kununua chakula? Ukishakaa, umekubali. Na dai risiti kila mahali. Menyu zenyewe zimeandikwa kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti.

Chakula: viazi vya Naxos ni maarufu Ugiriki nzima, omba vya kukaanga vilivyomenywa pale pale. Samaki wa siku huuzwa kwa kilo, muone akipimwa kabla hajaenda jikoni. Pweza yupo, wengi huwaanika juani kwanza, mtu wa Unguja atakuwa na maoni yake. Kinyota pembeni ya jina la samaki kwenye menyu huwa ni alama ya aliyegandishwa. Kwa Waislamu: nyama ya gyros, ile inayochomwa ikizungushwa kwenye mti, mara nyingi ni "hirino", nguruwe, sema "kotopulo", kuku, na uliza kama vinachomwa mahali pamoja. Kwenye mashine ya pesa, ikikuuliza utozwe kwa euro au kwa sarafu yako, chagua euro.

Chooni, karatasi haitupwi ndani ya choo, inawekwa kwenye kikapu pembeni. Mabomba ni membamba na yakiziba ni wewe na mwenye nyumba.

Na kurudi: usiweke meli na ndege siku moja. Toka Naxos siku moja kabla, lala Athens au Piraeus. Meli ikizuiwa kwa upepo, kampuni hukurudishia nauli au kukubadilishia siku, lakini tiketi ya ndege ya kwenda Dar haimo kwenye hesabu zao.