Kiribati: Nchi ya Bahari, na Kisiwa Kilichopakiwa Melini

Walimu wetu, shikamooni. Wanafunzi na wageni, hamjambo.

Siku hizi Kiribati ikitajwa, hutajwa kama nchi itakayomezwa na bahari. Ni jambo zito, na nitalifikia. Lakini nimekuja kuwaeleza kwamba watu wa huko walikwisha kunyang'anywa kisiwa kizima, Banaba, kabla maji hayajaanza kupanda, na walionyang'anya walikuja na mkataba mkononi.

Tuitazame ramani kwanza. Visiwa ni 33, na nchi kavu yote ukiikusanya ni takriban kilomita za mraba 811. Unguja peke yake ni kama mara mbili ya hapo. Ila bahari yao ni kilomita za mraba milioni 3.5, katikati ya Pasifiki, ikweta ikipita humo humo. Mpaka mwishoni mwa 1994 mstari wa tarehe uliikata nchi vipande viwili: Tarawa, penye serikali, wakiwa Jumatatu ofisini, Kiritimati upande wa mashariki bado ni Jumapili. Mwaka 1995 serikali ikausogeza mstari, nchi nzima ikawa na siku moja.

Karibu visiwa vyote ni vipande vyembamba vya mchanga na matumbawe, vimezunguka maji tulivu, na sehemu kubwa haipiti mita mbili au tatu juu ya bahari. Hakuna mto. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi. Hayo ndiyo maji ya visima. Ndiyo pia yanayolisha babai, aina ya magimbi makubwa: watu huchimba mashimo hadi kuyafikia, kisha hupanda humo. Sasa fikirini wimbi la dhoruba likivuka ufuko na kumwagika shimoni. Chumvi ikishaingia, zao la miaka huharibika. Kwa hiyo hatari haisubiri kisiwa kizame, inaanzia kisimani.

Watu ni kama 120,000, na zaidi ya nusu wamebanana Tarawa Kusini. Wanaishi kwa samaki, nazi, mashelisheli na mikadi, na wagema hupanda minazi asubuhi na jioni. Shughuli za kijiji huamuliwa katika maneaba, ukumbi mkubwa usio na kuta, ambamo kwa jadi kila ukoo una mahali pake pa kuketi. Mimi naliona hilo kuwa jambo zuri sana: ukiingia, tayari una nafasi.

Historia ya utawala nitaipita haraka. Waingereza walitangaza himaya mwaka 1892, ikawa koloni mwaka 1916. Novemba 1943 Wamarekani na Wajapani walipigana Betio, pale Tarawa, na maelfu wakafa kwa siku chache. Uhuru ulikuja tarehe 12 Julai 1979, rais wa kwanza akiwa Ieremia Tabai, kijana ambaye hajafika miaka thelathini.

Sasa nije Banaba, kwani huko ndiko hasa ninakotaka mkujue.

Banaba ni kilomita za mraba 6 hivi, na si kama visiwa vingine: kimeinuka hadi mita 80 na ushei. Maji yake yalikuwa ndani ya mapango, na kwa mila ni wanawake tu walioingia kuyachota. Ardhi yake ilikuwa fosfeti, mbolea. Mwaka 1900 Albert Ellis alifika kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, akapata saini za wenyeji: haki ya kuchimba kwa miaka 999, malipo pauni 50 kwa mwaka. Miaka 999! Uchimbaji ukaendelea hadi 1979, na udongo ule ukaenda kunawirisha malisho ya Australia na New Zealand. Mwaka 1928 sheria iliiruhusu serikali kutwaa ardhi hata mwenyewe akikataa.

Wakati wa vita Wajapani waliwatawanya Wabanaba visiwa vya mbali. Vita vilipokwisha, Waingereza hawakuwarudisha kwao. Desemba 1945 waliwashusha Rabi, kisiwa cha Fiji, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Banaba. Nacho kilikuwa kimenunuliwa kwa fedha za Wabanaba wenyewe, zilizotokana na fosfeti yao. Walihamishwa kwa gharama yao, migodi ikaendelea kuchimbwa.

Miaka ya 1970 walikwenda mahakamani London. Kesi ilisikilizwa kwa zaidi ya siku 200, na Jaji Robert Megarry alisafiri hadi Banaba kujionea mashimo. Aliukosoa mwenendo wa serikali, lakini akasema wajibu wake kwa Wabanaba haukuwa wa aina ambayo mahakama ingeweza kuulazimisha.

Leo mamia ya watu wanaishi Banaba, kati ya nguzo za mawe zilizobaki baada ya udongo kuondoka. Wengi zaidi wako Rabi, ni raia wa Fiji, na bado katiba ya Kiribati inawatengea kiti bungeni Tarawa. Karibuni maswali.