Mzigo tulioibebesha kompyuta ya nyumbani

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Mjini Unguja

Assalaam aleikum. Wazazi wetu, walimu wenzangu, na vijana mliokaa nyuma, ahsanteni kwa kuitika. Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa kompyuta za nyumbani, na nitauzungumzia. Lakini kabla hatujafika kwenye feni na vumbi, nataka tukubaliane kwanza ni kitu gani hasa tunachokitunza.

Wengi wenu mnaikumbuka Disemba 2009. Njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara ilipata hitilafu, na Unguja ikakosa umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshaionja hali hiyo kwa takriban mwezi mmoja. Giza watu waliliweza, kandili zipo tangu enzi za babu zetu. Kilichotuelemea ni maji. Pampu zinakwenda kwa umeme, umeme haupo, mifereji ikakauka, na akina mama wakawa wanaamka alfajiri kufuata visima. Ndipo tulipotambua kwamba maji ya jikoni yalitegemea waya ule ule wa taa. Yalipokuwa yanatoka, hakuna aliyeliwaza jambo hilo.

Waya mpya wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2013, na nyumba nyingi zilizokuwa na uwezo ziliweka matangi ya maji. Tulijifunza. Lakini tangu hapo tumeyahamishia mambo mengine mengi kwenye mashine, moja moja, bila kuketi na kuyahesabu. Umeme wenyewe tunaununua kwa simu. Matokeo ya Kidato cha Nne yanatazamwa mtandaoni, na maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanajazwa mtandaoni. Mwalimu anatunga mtihani kwenye laptopu, na alama za watoto zimo humo humo. Hati ya kiwanja imepigwa skani, picha za marehemu mzee zimo ndani, barua za kazi zimo ndani.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita kwenye Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikadorora Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Siku ile aliyekuwa na faili lake ndani ya mashine yake aliendelea na kazi, na aliyelihifadhi mtandaoni peke yake alikaa akisubiri. Sasa geuzeni upande wa pili: siku kompyuta inapokufa, aliyehifadhi mtandaoni anapumua, na aliyehifadhi ndani ya mashine peke yake ndiye anayelia. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Laptopu ya mitumba iliyoshushwa kutoka Dubai unaweza kuipata tena Kariakoo wiki ijayo. Kilichomo ndani hakiuzwi duka lolote.

Tuanze na umeme, maana ndio unaoua mashine nyingi hapa kwetu. Umeme wetu ni volti 230. Unapokatika, mashine inazimika ghafla, na kama ilikuwa inaandika faili wakati huo, faili linaweza kuharibika. Lakini unaporudi ndipo hatari inapozidi, kwa sababu friji, pampu na viyoyozi vya mtaa mzima vinaamka kwa pamoja na volti inapanda na kushuka kabla haijatulia. Kwa hivyo umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Hili halina gharama yoyote na linaokoa pawasaplai nyingi, yaani kile kifaa cha ndani kinachoigawia mashine umeme.

Wenye kompyuta za mezani zilizotoka Marekani, tazameni nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kule wanatumia volti 120, na swichi imekuja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi ya Unguja unasikia mlio, unanusa harufu ya kuungua, na mambo yamekwisha. Chaja za laptopu hazina shida hiyo. Zimeandikwa 100 hadi 240, zinakubali popote.

UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, nayo imeeleweka vibaya. Watu wanainunua wakidhani ni jenereta, kisha wanalalamika kwamba imeshika dakika kumi tu. Dakika hizo ndizo ulizozilipia: uhifadhi kazi yako na uizime mashine kwa taratibu zake. Betri iliyomo ndani inachoka baada ya miaka michache, na joto letu linaichosha mapema zaidi. UPS inayozima papo hapo umeme unapokatika haina kazi tena mpaka ibadilishwe betri. Masika yakija na radi, chomoeni pia waya wa mtandao unaoingia kwenye ruta, kwa sababu radi inapita humo vile vile.

Hewa yetu ndiyo adui wa pili, na hapa watu wa visiwani tuna mtihani ambao wa Dodoma hawaujui. Vumbi la Bara ni kavu. La kwetu limechanganyika na chumvi ya bahari na unyevu, na linaganda. Likishikana kwenye feni na kwenye vibati vya kupozea, hewa haipiti, joto linapanda, na prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za mashine, inapokaribia nyuzi joto 100 inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mwenye nyumba anaona mashine imekuwa nzito, anaambiwa imezeeka, anauziwa RAM mpya, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, na uzito uko pale pale kwa sababu tatizo lilikuwa joto. Kabla hujatoa fedha yoyote kwa kompyuta iliyolemaa, weka mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Ikiwa feni inanguruma na hewa inayotoka ni kidogo, basi ni uchafu.

Usafi wenyewe: zima, chomoa, toa betri kama inatoka. Shika feni kwa kidole au kijiti isizunguke, kisha pulizia kwa blowa au brashi laini. Feni ikiachwa izungushwe na upepo wa blowa inaweza kuharibu beringi zake. Msitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, umeme tuli wake unaweza kuunguza saketi. Kama mashine ina miaka kadhaa na bado inachemka baada ya kusafishwa, pesti ya kupitishia joto iliyoko kati ya prosesa na kibati imekauka, na hiyo mpe fundi aibadilishe. Laptopu isilazwe kwenye godoro. Matundu ya hewa yako chini, na shuka linayaziba yote.

Na ile kompyuta iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati ili isichakae, itoeni. Unyevu unaoingia humo hautoki, na kutu inakula miguu ya saketi kimyakimya. Iwasheni kila baada ya siku kadhaa, ujoto wake unaikausha.

Kuna hitilafu moja ndogo inayowapeleka watu wengi kwa fundi bila sababu. Kompyuta inawaka vizuri, lakini tovuti karibu zote zinakataa kufunguka na kuonya kwamba si salama. Tazama saa na tarehe kwenye kona. Ukikuta imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya mviringo iliyoko ndani, iliyoandikwa CR2032, imekwisha. Tovuti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe, na mashine inayoamini tupo mwaka mwingine inaviona vyote ni batili. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana.

Sasa virusi, na nitaanza na flashi, kwa sababu walimu ndio wanaoumia. Mwalimu anapeleka mtihani kuchapisha steshenari, flashi inachomekwa kwenye mashine iliyopitiwa na flashi za mtaa mzima, na akirudi nyumbani anakuta mafolda yake yamegeuka kuwa vijialama vyenye mshale, au flashi inaonekana tupu. Anaambiwa kazi imepotea, flashi ifomatiwe. Tafadhali, msikubali haraka. Virusi vya aina hii mara nyingi havifuti kitu. Vinayaficha mafaili na kuweka njia mkato za bandia mahali pake, ili ukibonyeza uviamshe. Tazama ukubwa uliotumika kwenye flashi. Ukiona imejaa ilhali haina kitu, mafaili yamo. Ipelekeni kwa mtu anayejua kuyafichua, na isafishwe kwa kingavirusi kwanza. Nimeona kazi ya muhula mzima ikifutwa na mtu aliyedhani anasaidia, na inaniuma mpaka leo. Njia salama zaidi ni kutuma nakala ya kuchapisha kwa baruapepe, na flashi ya kazi isitoke nyumbani kabisa.

Programu za kuiba leseni, zile zinazofungua programu za kulipia bila kulipa, nazo tuziseme wazi. Ili ziingie, kingavirusi lazima kizimwe kwanza, na mara nyingi hakiwashwi tena. Mlango unabaki wazi na mwenye nyumba hajui.

Tunafika kwenye masasisho, yale maapdeti tunayoyaahirisha kila yanapojitokeza kwa sababu yanakula bando. Naelewa, bando ni fedha. Lakini sikilizeni kilichotokea mwaka 2017. Mwezi Machi Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja kwenye Windows. Mei 12 mwaka huo huo kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilifika nchi zaidi ya 150, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwa imetolewa kiasi cha miezi miwili kabla, tena bila malipo. Tafuteni mahali penye mtandao wa bure, kazini au chuoni, mashine isasishwe hapo walau mara moja kwa mwezi.

Wenye Windows 10, hili linawahusu moja kwa moja. Masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma Oktoba 14, 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna muda wa nyongeza hadi Oktoba 2026, lakini ni kwa waliojiandikisha. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine nyingi za mitumba tulizonazo hazimo katika orodha hiyo. Mtu asiwatishe kwamba lazima mzitupe. Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, zinaingia humo bila malipo, zinasasishwa, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua nyaraka zenu za Word. Mpangilio wa kurasa unaweza kuyumba kidogo, basi jaribuni na faili moja kabla ya kuhamia. Kwa nyumba inayoandika, kutazama mtandao na kuhifadhi picha, hiyo inatosha kabisa.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema nitalirudia. Kila diski itakufa. Diski ya sahani inazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Ikianza kutoa mlio wa tik tik, izime hapo hapo. Usiiwashe tena kujaribu, kila mzunguko unaweza kuchubua zaidi. SSD, ile diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, lakini inaweza kufa bila kutoa dalili yoyote. Hakuna utunzaji utakaolizuia jambo hili milele. Kilichobaki mikononi mwetu ni nakala.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliipa kanuni umbo jepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Kwetu inaweza kuwa hivi: ya kwanza ndani ya laptopu, ya pili kwenye diski ya nje inayokaa kabatini, ikichomekwa wakati wa kunakili tu, ya tatu mtandaoni, au kwenye diski nyingine kwa dada yako Wete. Moto, mwizi na maji ya mvua havifiki Unguja na Pemba kwa pamoja. Tulipoweka matangi baada ya 2010 hatukungoja umeme ukatike tena ndipo tuanze kuyajaza. Nakala nayo ni hivyo hivyo, hujazwa wakati kila kitu kinafanya kazi.

Tahadhari mbili hapo. Huduma inayolinganisha mafaili kati ya simu na kompyuta si nakala kamili, kwa sababu ukifuta upande mmoja, upande wa pili unafuta pia. Na nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Mara moja moja chagua faili, lirudishe kutoka kwenye diski ya nje, lifungue, lisome.

Neno moja kwa akina mama, na kwa wanaume wenye nyumba. Kompyuta nyingi zina picha za harusi za ndani ambazo mwanamme wa nje hatakiwi kuziona. Nywila ya kuwashia haizilindi, kwa kuwa diski ikitolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine, zinasomeka zote. Washa usimbaji wa diski nzima, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wake wa akiba uandike kwenye karatasi ukae mahali salama, kwa sababu ukiupoteza hata wewe hutaingia. Na mashine ikienda kwa fundi, una haki ya kuitoa diski ubaki nayo. Kwa kazi ya skrini, kibodi au chaja, fundi haihitaji.

Maswali tutayachukua tukiwa mezani. Waliokuja na laptopu, zizimeni sasa na mchomoe chaja. Walioleta diski za nje, kaeni upande wa dirishani, tutaanza na nyinyi.