Kuyasoma Maji Kabla ya Kurusha Mshipi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, hamjambo nyote. Nashukuru mmeacha baraza zenu jioni hii mkaja hapa Ngamiani, Tanga, kusikiliza habari za samaki ambaye wengi wenu hamjapata kumwona. Anaitwa karpu. Mimi nilimjua Naivasha, Kenya, nilikofanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya maua, na kila siku ya mapumziko nilikuwa kando ya ziwa. Huko ndiko nilikofundishwa kuvua kwa nzi wa manyoya. Ni ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Haitiwi chambo. Mshipi wenyewe ni mnene, uzito uko humo, nao ndio unaorushwa. Nzi anavutwa nyuma yake.

Kila ninapozungumzia uvuvi huu naulizwa kwanza habari za vifaa. Basi tuyamalize hayo: fimbo ya futi 9, ya mshipi wa uzito namba 7 au 8, ndoano namba 6 au 8, nzi wa rangi ya kahawia iliyokoza. Swali lililonisumbua mimi lilikuwa jingine: nikavue wapi?

Miezi mitatu ya mwanzo sikupata hata samaki mmoja. Nilikuwa naenda penye maji mengi, ya buluu, yanayopendeza macho, nikidhani samaki mkubwa hukaa penye kina kirefu. Mzee mmoja mvuvi wa nyavu alikuwa akinitazama kila wiki. Siku moja akaniambia, "Kijana, hiyo fimbo iache nyumbani. Tembea kwanza." Nikamtii. Wiki mbili nzima nikatembea ufukweni mikono mitupu, na katika wiki hizo mbili nikajifunza kuliko miezi yote mitatu.

Nilichokiona ni hiki. Karpu ana sharubu nne mdomoni, mbili kila upande, na mdomo wake hurefuka mbele kama mfuko. Kwenye taya hana meno. Meno yake yako kooni, na kwa hayo anasaga konokono, viluwiluwi vya wadudu, mbegu, na wale kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani walioletwa Naivasha mwaka 1970. Chakula hicho kiko topeni. Kwa hiyo karpu anainama, kichwa chini mkia juu, analima tope kama nguruwe anavyolima shamba la mihogo. Akilima, tope linapanda. Ukiona maji yametulia kisha pakatokea wingu dogo la tope, na wingu hilo linasogea, yupo hapo. Ukiona mapovu madogo madogo yanapanda kwa mstari, yupo. Na ukibahatika, ncha ya mkia inatokeza juu ya maji, inapungapunga. Mara ya kwanza kuuona ule mkia nilikaa chini kwenye majani, moyo unanienda mbio, na fimbo sina!

Basi maji ya karpu ni ya kina cha magoti hadi kiuno, chini kuna tope laini, kandokando kuna mafunjo au matete, na jua limeyapasha moto. Asubuhi ya Naivasha ni baridi kali, kwa hiyo hakuna haraka ya kuamka alfajiri. Karpu huja kwenye maji mafupi jua likishapanda. Halafu kuna upepo. Upepo unapovuma siku nzima kuelekea upande mmoja, huusukumia upande huo maji ya juu yenye joto na takataka zote zinazoliwa. Mvuvi mgeni hukimbilia upande uliotulia, na chakula kimekwenda ule wenye mawimbi. Sisi watu wa kaskazi na kusi hatuhitaji kufundishwa hili mara mbili: bwawa likipigwa na kusi, nenda ukingo wa kaskazini.

Sharti moja sitalipunguza. Lazima uweze kuona ndani ya maji. Uvuvi huu ni wa macho. Unamwona samaki, unaangalia kichwa kimeelekea wapi, unampitishia nzi mbele yake, unamshusha taratibu hadi karibu na mdomo wake. Maji yakiwa kama chai ya maziwa, unarusha kwa kubahatisha tu. Vaeni miwani inayokata mng'ao wa jua majini, na jua liwe mgongoni, ila kivuli chenu kisimfikie samaki.

Na msikanyage kwa kishindo. Karpu ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani. Kibofu kinatetemeka kama ngozi ya ngoma, vifupa vinapeleka mtetemo sikioni. Kokoto ikigongana na kiatu, ameshaondoka. Vifupa hivyohivyo anavyo kambare wetu, anavyo ningu, anavyo kuyu.

Nimewataja makusudi. Najua mnaniuliza moyoni: haya ya Naivasha yanatuhusu nini watu wa Tanga? Mto Pangani unashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe na Hale hadi baharini, na ndani yake wamo ningu na kuyu, ambao ni ndugu wa karpu, ukoo mmoja. Macho yanayomtafuta karpu yatawapata hao, ila alama zao ni nyingine. Ningu halimi tope. Anakwangua ukijani juu ya miamba penye maji yanayokwenda. Tazameni mawe. Jiwe lenye mabaka safi katikati ya utelezi limelambwa na ningu. Perege yeye anachimba vishimo vya duara kama bakuli kwenye maji mafupi, dume analinda. Yuko perege mmoja ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wa mkoani kwetu: Oreochromis korogwe. Mtu anakwenda mbali kutafuta samaki wa sifa, naye ana samaki mwenye jina la Korogwe!

Kijana mmoja aliniuliza nje kabla hatujaingia: kwa nini tusilete karpu tumpande bwawa la Mabayani? Mwanangu, hapana. Mwaka 1877 karpu 345 walisafirishwa kutoka Ujerumani hadi Baltimore, Marekani, na kutoka kwenye mabwawa ya namna hiyo uzao wao ukaenea nchi nzima. Hapa kwetu tunajua jinsi vitu vichache vinavyoweza kuzaa vingi: miche 62 ya mkonge iliyofika hai Pangani mwaka 1893 ndiyo iliyojaza mashamba haya yote. Lakini mkonge unaukata ukitaka. Samaki ukishamwachia mtoni humkati. Naivasha karpu aliingia bila kualikwa, akitokea mto Malewa, na katika miaka michache ndiye aliyejaa nyavuni. Wavuvi wanamuuza, sikatai. Hata hivyo Oreochromis korogwe ana mito michache tu duniani, na mmojawapo ni wetu. Mimi nampenda karpu, na sitaki kumwona Pangani.

Isitoshe, Mabayani ni maji ya kunywa ya mji huu. Usiende pale bila ruhusa. Hata kwenye bwawa la shamba la mkonge, mwenyewe aulizwe kwanza.

Hatari nazo nizitaje. Maji mafupi, ya moto, yaliyotulia, yenye majani na konokono, ndiyo maji ya kichocho. Simameni ukingoni pakavu; uvuvi huu haudai kulowa. Na Pangani ina mamba. Waulizeni wanaochota maji na wanaochunga mifugo mahali wanapopaogopa, na hapohapo waulizeni wameona wapi tope likichemka bila ng'ombe kuingia. Wao wanayatazama yale maji kila siku.

Manyoya ya nzi ni ya jogoo na ya kanga, na mwili nafunga kwa nyuzi za mkonge nilizozitwanga hadi zikalainika. Nimekuja nao kumi na wawili, wako mezani, mje mwatazame.

Jumamosi nitakuwa mto Mkulumuzi, upande wa mapango ya Amboni, saa mbili asubuhi. Anayetaka tufuatane aje na kofia na maji ya kunywa. Fimbo zibaki nyumbani.