Sarafu Iliyoko Mumbai: Mhadhara Juu ya Kwasari za Mbali

Mabibi na mabwana, kila nilizungumzapo jambo hili la kuzipiga picha kwasari, yaani viini ving'aavu mno vya galaksi za mbali, kwa darubini za redio, mtu huniuliza kwa nini wanaastronomia hawajengi tu sahani moja ya darubini kubwa kupita zote, nami humjibu kwa upole unaopungua mwaka hadi mwaka. Ukali wa darubini ya redio hutegemea uwiano wa urefu wa wimbi na upana wa darubini yenyewe: kadiri ilivyo pana, ndivyo ionavyo vitu vidogo zaidi. Kwa wimbi la sentimita 6, hata sahani ya mita 100 iliyoko Effelsberg, Ujerumani, huiona kwasari kuwa ni doa tu. Lakini zichukueni sahani mbili zilizotengana kilomita 10,000, kila moja na saa yake ya atomu za haidrojeni, kisha mawimbi zilizoyarekodi yaoanishwe kwenye kompyuta, na mtapata ukali unaokaribia wa mtu aliyesimama hapa Kilindini akaiona sarafu ya shilingi moja iliyoko Mumbai. Nahodha aliyelifuata soko la Mumbai kwa upepo wa kusi angenicheka, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Kila jozi ya sahani huleta kipande kimoja tu cha picha, kwa kadiri ya urefu na mwelekeo wa mstari unaoziunganisha. Sahani za Ulaya zikioanishwa na ile ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, hutoa mistari mirefu mno ya kaskazini na kusini, pasipo ile ya urefu wa kadiri. Ni mkeka uliosukwa kingo ukaachwa wazi katikati. Katikati hapo ndipo tulipo sisi. Ghana walikwisha kuigeuza sahani ya mawasiliano ya Kuntunse, yenye mita 32, kuwa darubini mwaka 2017, nasi tungali tunaunda kamati.

Najua yuko atakayesema kwamba bandari inahitaji kreni kuliko kwasari. Bwana huyo akumbuke kwamba setilaiti zinazoziongoza meli zake hutegemea vipimo vya mzunguko wa dunia, na vipimo hivyo hupatikana kwa darubini hizi hizi kuzitazama kwasari.

Muda umenikimbia, na picha zenyewe sijazigusa. Itoshe kusema kwamba mwaka 2020 ilichapishwa picha ya kwasari iitwayo PSO J0309+27, ambayo mawimbi yake yalianza safari ulimwengu ukiwa haujatimiza miaka bilioni 1. Sahani 10 za mtandao wa VLBA, Marekani, zilionyesha mchirizi wa maada iliyofyatuliwa kutoka kiini chake, wenye urefu wa takriban miaka-nuru 1,600. Kwa nini michirizi ya enzi hizo ni adimu kuonekana, hilo linahitaji jioni nyingine.