Ngome ya Yesu na Rafu Tatu za Vitabu

Wazee wetu, walimu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnangoja kutoroka: asalaam alaykum, na hamjambo.

Mada niliyopewa ni vitabu vya historia ya vita, sanaa na ujenzi. Mwenye kuisema yote atatulaza hapa. Kwa hiyo nimechukua jengo moja ambalo wengi wenu mmelipita leo asubuhi bila kuligeukia, Ngome ya Yesu ya Mombasa, nione vitabu vya aina hizo tatu vinalisemaje. Maktabani vitabu hivyo hukaa rafu tatu mbalimbali. Anayesoma vita hafiki kwenye rafu ya sanaa, na anayesoma ujenzi haulizi nani alikufa juu ya ukuta anaousifu. Dai langu ni kwamba kila rafu, ikiachwa peke yake, huwapoteza watu fulani, na wanaopotea aghalabu ni watu wetu.

Tuanze na ujenzi, kwa sababu hapo ndipo sifa zilipo nyingi. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na mchoraji ramani alikuwa Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa Wareno katika nchi zao za Mashariki. Wakati ule Ureno ilikuwa chini ya Mfalme Filipo wa Hispania. Ukiitazama ngome kutoka angani, ramani yake inafanana na mtu aliyelala chali, ana kichwa, mikono na miguu. Waitaliano wa karne ile walishika kwamba jengo zuri hufuata vipimo vya mwili wa binadamu, na ngome hii hutajwa kuwa mfano safi wa fikra hiyo. Ni moja ya sababu zilizoifanya iingie katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Mimi uzuri huo siupingi. Lakini ukishika kitabu cha vita, umbo lile lile linapata maana nyingine. Mzinga ulikuwa umekwisha kuziaibisha ngome za zamani za Ulaya. Ukuta mrefu mwembamba unapigwa, unaanguka, na mnara wa duara huacha mahali mbele yake ambapo walinzi hawamwoni adui aliyejibana chini. Waitaliano wakajibu kwa kuta nene, na kwenye pembe wakatoa buruji zenye ncha, zimepangwa hivi kwamba mizinga ya buruji hii inafagia uso wa buruji ile. Hakuna kona ya kujificha. Kwa hiyo, hiyo "mikono na miguu" ya yule mtu aliyelala ni mahali pa kusimamisha mizinga. Buruji nne zina majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Matiasi na Mateo. Chini yake ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba wenyewe ulichongwa, hata sehemu ya chini ya ukuta ni jiwe la Mungu na sehemu ya juu ni kazi ya mwashi.

Mwashi gani? Hapo kitabu cha ujenzi hugeuka bubu. Cairati tunalo jina lake, na tunajua alifariki Goa, makao makuu ya Wareno huko Bara Hindi, mwaka 1596, ngome ikiwa ndiyo kazi yake ya mwisho. Mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, na wafanyakazi walitoka Malindi, ambako Wareno walikuwa na rafiki tangu siku za Vasco da Gama. Hata mmoja wao hatujui jina lake. Na tufahamiane: watu wa pwani hawakungoja Mreno aje kuwafundisha kujenga kwa matumbawe. Misikiti na nyumba za mawe za Kilwa na Gedi zilikuwa zimekwisha kusimama karne kadhaa. Kukata jiwe, kuchoma chokaa, kulaza boriti za mikoko kwenye dari, yote hayo yalikuwa ufundi wa hapa. Kilichokuja kutoka Milano ni pembe za mizinga. Kitabu kinachoandika kwamba "Cairati alijenga ngome" kinasema kweli kwa namna ile ile ambayo tunasema sultani amepika biriani.

(Kicheko.)

Naam, na kwa nini hasa ilijengwa? Miaka ya 1580 Mturuki Ali Bey alikuja pwani mara mbili na manowari zake, na Mombasa, iliyowachukia Wareno kwa sababu zake za haki, ikampokea. Mara ya pili, mwaka 1589, Wareno walimkuta akiwa amejiimarisha kisiwani, huku Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, wakiwa ng'ambo ya maji wanangoja. Ali Bey alikamatwa, mji ukaangamizwa, na Wareno wakaamua hawataondoka tena. Kwa hiyo ngome iliangalia pande mbili: baharini kwa Mturuki, na mjini kwa wenyeji.

Mwaka 1631 hofu ya upande wa mjini ilitimia. Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake mwezi wa Agosti na kumuua kapteni. Mwaka uliofuata Wareno wa Goa walikuja kuizingira, wakashindwa, na kisha Yusuf mwenyewe akaiharibu na kuondoka. Pembe zote zile za Milano hazikumzuia mtu aliyeingia kwa mlango. Vitabu vya vita hupenda sana kupima unene wa ukuta, ila mlango havijishughulishi nao.

Wareno waliporudi, kapteni mmoja kijana, Francisco de Seixas Cabreira, alitia jiwe la maandishi juu ya lango. Mpo mliolipita mara mia. Lina tarehe ya 1639, na anajisifu kwamba alipewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga upya, akawatoza kodi watu wa pwani, akawaadhibu Pate na Siyu hata akazibomoa kuta za miji yao. Hicho nacho ni kitabu cha historia ya vita, ila kimechongwa kwenye jiwe, na kina kasoro ile ile ya vitabu vingi vya karatasi: mwandishi ndiye shujaa, na waliobomolewa kuta hawakupewa nafasi ya kujibu.

Sasa nifike mahali ninapopapenda, na mniwie radhi nikikaa hapo kidogo. Mwezi Machi 1696, Imamu Seif bin Sultan wa Oman alileta jeshi kuizingira ngome. Mazingiwa yale yalidumu miezi thelathini na mitatu. Waomani hawakuitegemea sana mizinga. Walifunga njia wakangoja. Ndani walikuwemo askari wachache wa Kireno pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Mapema mwaka 1697 tauni ikaingia. Kapteni wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, wa pili akafa mwezi Agosti. Halafu hapakubaki Mreno wa kuongoza. Ngome ya mfalme wa Ureno ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwani Pate, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane Waafrika na wanawake Waafrika hamsini. Hao ndio waliosimama ukutani mpaka msaada wa Goa ulipofika mwezi Septemba.

Natazama nyuso zenu, naona wengine hamkulisikia jina hilo. Bwana Daud wa Faza. Simsifu kwa kuwa upande wa Wareno. Alikuwa na ugomvi wake na majirani zake, na siasa za Faza na Pate za zama hizo si za kuhukumiwa na sisi tulioketi kwenye viti. Lakini ukichukua kitabu cha vita cha haraka haraka, utasoma "Wareno walistahimili karibu miaka mitatu." Kwa wiki kadhaa katika miaka hiyo, "Wareno" walikuwa watu wa Faza na wanawake hamsini.

Msaada wenyewe ulikuja na manowari Santo António de Tanna, iliyoundwa Vasai, Bara Hindi, mwaka 1681. Ilizama mbele ya ngome mwezi Oktoba 1697, na hapo ilikaa mpaka wapiga mbizi na wanaakiolojia walipoichimba kati ya mwaka 1977 na 1980. Vitu vyake mnaviona katika jumba la makumbusho ndani ya ngome. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698, Waomani wakipanda buruji usiku, na ndani wamebaki watu wa kuhesabika kwa vidole. Merikebu za msaada mwingine zilifika siku chache baadaye, zikaona bendera ya Oman, zikageuza.

Sanaa iko wapi katika haya yote? Iko ukutani. Walipochimba ndani ya ngome, walikuta michoro iliyofanywa na Wareno, askari au mabaharia, kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, makanisa, watu wenye deraya, samaki. Sasa imewekwa makumbushoni. Mwenye kitabu cha sanaa haigusi, maana haikuchorwa na bingwa, mistari imepinda. Mwenye kitabu cha vita naye haigusi kwa sababu haina hesabu ya baruti. Lakini nionyesheni hati yoyote ya Goa inayotuambia vizuri zaidi alichokuwa akikiwaza kijana wa Kireno aliyetupwa Mombasa, homa inamla, anaitazama bahari. Alichora chombo cha kumrudisha kwao.

Na hakuwa peke yake. Kwenye kuta za magofu ya pwani, Gedi na Kilwa zikiwemo, watu wetu nao walichora vyombo kwa kuchonga kwenye chokaa, na humo umo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kutweka tanga la mkeka. Mtepe hauko tena majini. Mwenye kutaka kujua ulivyokaa lazima aende kwenye mikwaruzo ile ya ukutani, ambayo mwenye nyumba pengine alimgombeza mtoto kwa ajili yake.

Waomani, na baada yao Wamazrui walioitawala Mombasa, wakaiandika ngome upya kwa mikono yao. Kuta ziliongezwa urefu, matundu ya bunduki yakatobolewa, na juu ya buruji ya Filipo ikasimama nyumba ya Kiomani. Katika ukumbi wa Wamazrui kuna mapambo ukutani na maandishi ya Kiarabu kwenye mbao. Jengo lile la vita likawa nyumba ya kupokelea wageni. Ramani ya Cairati, ile ya mtu aliyelala, haikuonyesha ukumbi wa Wamazrui, na ndiyo maana naona kasoro katika vitabu vinavyoichapa ramani ya kwanza na kuishia hapo.

Vitabu vya Kiswahili je? Mzee mmoja amenong'ona hapa mbele kwamba sisi hatukuandika. Tuliandika, mzee wangu, ila kwa mizani na vina. Mwaka 1728 Wareno walirudi Mombasa kwa msaada wa Pate, wakaikalia ngome mpaka watu wa Mombasa walipowatoa mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1728, huko huko Pate, ndiyo tarehe ya hati ya Utendi wa Tambuka, wa vita vya Waislamu na Warumi wa Bizanti, waliokuwa Wakristo. Utendi wenyewe hautaji Mombasa. Lakini mshairi wa Pate anatunga vita vya Waislamu na Wakristo wakati mji wake umefanya urafiki na Wakristo ili uipate Mombasa: mwanahistoria gani wa vita anaweza kuliruka jambo hilo? Wanaliruka, kwa sababu utendi uko rafu ya fasihi, na hiyo ni rafu ya nne. Na karne iliyofuata Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, akawatungia mashairi Wamazrui katika ugomvi wao na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ugomvi ulioisha mwaka 1837 Seyyid Said alipoichukua ngome. Anayetaka kujua Mombasa ilivyojiona kabla ya kushindwa amsome Muyaka kwanza, ripoti za makapteni wa Kiingereza baadaye.

Nimalizie na sehemu ambayo hata rafu haina. Kuanzia mwaka 1895 mpaka 1958 Waingereza waliifanya ngome kuwa jela. Zaidi ya miaka sitini. Jela ilipofungwa, majengo mengi yake yalibomolewa ili ngome ya kale ionekane, pakachimbwa, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Naelewa kwa nini walifanya hivyo. Bila kuchimba tusingeipata hata michoro niliyowaeleza. Lakini ule nao ulikuwa uamuzi wa mwandishi: kurasa za karne ya 16 zihifadhiwe, za karne ya 20 zichanwe. Waliofungwa mle walikuwa baba na babu za watu wa mji huu, na askari jela pia. Baadhi ya watoto wao wamo humu ukumbini, nawaona.

Ninyi mnaojua habari hizo, mlio na barua, picha au masimulizi ya mzee aliyelala mle ndani, msiondoke kabla hatujaonana. Nina daftari, na nitakuwa hapa mezani mpaka adhana ya alasiri. Haya, maswali. Kijana wa mlangoni, wewe uliyetaka kutoroka, anza.